Liyongo Ulimwona Wapi? Historia Fupi ya Shujaa wa Ajabu katika Hadithi za Picha

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wa 2019 nilikuwa nikisahihisha mtihani wa mwigo wa Kidato cha Nne katika shule moja iliyo kati ya Malindi na Kilifi. Swali la fasihi simulizi liliwataka wanafunzi waeleze sifa tano za shujaa wa mighani huku wakimrejelea shujaa yeyote wamjuaye. Ni swali la kila mwaka na halimtoi mtu jasho. Karatasi baada ya karatasi zilinijia na Fumo Liyongo, Lwanda Magere, Mekatilili wa Menza, kisha Liyongo tena, kwa maneno yale yale ya kitabu cha mwongozo. Mara nikafika kwenye karatasi ya kijana mmoja aliyemtaja shujaa aitwaye Akokhan.

Nilichora msalaba mwekundu kutoka juu hadi chini. Sufuri kwa kumi. Pembeni nikaandika, "Huyu ni katuni!"

Siku niliyorudisha karatasi kijana yule alisimama. Hakuwa na ukorofi, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala na jambo. "Samahani mwalimu," akasema, "Liyongo wewe ulimwona wapi?" Darasa likaangua kicheko. Nikamjibu kwamba sikumwona, nilimsoma katika utendi. "Basi nami Akokhan nimemsoma," akasema. "Tena mimi nimemwona."

Nilimwambia aketi. Hicho ndicho tunachofanya walimu tunapokosa jibu. Makala haya ni jibu ambalo ningempa siku ile lau ningekuwa nalo, na naamini kuwa wewe unayefundisha huko Kaloleni, Ganze, Mambrui au kwingineko utaulizwa swali hilo hilo siku moja, ikiwa hujaulizwa bado.

Kwanza yafaa ujue Akokhan ni nani. Ni mhusika mkuu wa hadithi ya picha ya mfululizo iliyobuniwa na Frank Odoi, mchoraji aliyezaliwa Ghana mwaka wa 1948 na kuhamia Kenya, ambako alifanya kazi hadi alipofariki Nairobi katika ajali ya matatu mwezi wa Aprili 2012. Wakenya wengi walimjua kwa michoro yake magazetini na kwa mfululizo wake mwingine, Golgoti. Katika Akokhan kuna mahasimu wawili wenye nguvu zisizo za kawaida, Akokhan na Tonkazan, na nguvu hizo chimbuko lake ni uganga wa kale wa Kiafrika. Hazikutoka katika sayari nyingine wala katika maabara kama za mashujaa wa vitabu vya picha vya Kimarekani. Hadithi ilisonga mbele kidogo kidogo, toleo baada ya toleo, na baadaye ikachapishwa kama kitabu nchini Finland. Kazi yake ilivuka bahari, basi, ingawa kwetu haikuingia hata katika maktaba nyingi za shule.

Kijana wangu aliipataje? Mjomba wake alifanya kazi kwa miaka katika hoteli ya kitalii Malindi, na wageni walipoondoka waliacha vitabu, magazeti na majarida vyumbani. Mjomba hakuvitupa. Alikata kurasa zenye hadithi za picha akazitia katika kifuko cha plastiki. Mfululizo ule basi ulimfikia kijana ukiwa na mapengo: ukurasa wa hapa, ukurasa wa pale, mwanzo haupo, mwisho haupo. Nilipochunguza baadaye nikagundua kwamba wanafunzi sita, wavulana wanne na wasichana wawili, walikuwa wakikutana chini ya mkwaju nyuma ya bweni kila Ijumaa jioni kuzijadili kurasa hizo. Wengine wangeita kupoteza wakati. Mimi mwenyewe ningeita hivyo kabla ya siku ile.

Nilikwenda nikakaa nao. Walikuwa wakibishana kuhusu jambo moja: mwiko wa Akokhan ni upi? Kila shujaa wa namna hii, walisema, ana mahali anapodhurika. Liyongo alikuwa na kitovu. Lwanda Magere alikuwa na kivuli. Samsoni wa Biblia alikuwa na nywele. Msichana mmoja alishikilia kwamba msanii anaficha mwiko huo makusudi, kwa sababu siku atakapoufichua hadithi itakuwa imekwisha. Mwingine akasema hapana, huenda shujaa mwenyewe haujui. Nikajisemea moyoni: hawa wanajadili muundo, wanajadili taharuki, wanajadili uhusika, wala hakuna aliyewatajia istilahi hata moja.

Sasa turudi kwa Liyongo, na tumtazame upya kwa macho ya wale sita.

Wataalamu wamehitilafiana kuhusu karne aliyoishi Fumo Liyongo, lakini wakazi wa pwani ya kaskazini hawana shaka kuhusu kaburi lake. Wanakuonyesha upande wa Kipini, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini. Ukitoka Malindi kwa barabara ya Garsen ni safari ya nusu siku tu. Kisa chake kwa nathari kilichapishwa na Edward Steere mwaka wa 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili, na utendi unaojulikana zaidi ni ule wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka wa 1913. Ikumbukwe kuwa Kijumwa hakuwa mshairi tu. Alikuwa bingwa wa hati za Kiarabu na mchonga nakshi. Mkono uliotunga utendi ulikuwa pia mkono wa mchoraji.

Hili la mkono wa mchoraji si pambo la maneno. Ukiusoma utendi ule taratibu utaona kwamba umejengwa kwa picha. Liyongo yumo kifungoni Pate. Kijakazi Saada analeta chakula kila siku, na walinzi wanakula kilicho kitamu na kuacha mkate wa wishwa kwa sababu hauna ladha. Ndani ya mkate huo mamake ameficha tupa. Nje watu wanacheza gungu, ngoma na matari vinavuma, na ndani tupa inakata minyororo bila kusikika. Msanii yeyote wa hadithi za picha angekushukuru kwa tukio kama hili. Kisanduku cha kwanza mkate, cha pili walinzi wakikunja nyuso, cha tatu ngoma, cha nne mnyororo.

Kisha kuna kile kifo. Sultani anamrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza bintiye. Mtoto anakwenda kumwuliza babake ni kitu gani kinachoweza kumwua, naye Liyongo anamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Anamwambia hali anahisi kwamba mtoto ametumwa. Mtoto anamchoma usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale na kuvuta. Na hapo anakufa, akiwa bado amevuta upinde. Mji mzima unakosa maji kwa siku kadhaa kwa sababu hakuna athubutuye kusogea. Wanamleta mamake ambembeleze kwa tungo. Hatimaye mwili unaanguka, ndipo wanapojua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Hebu fumba macho. Je, huoni picha? Kabla ya mchoraji yeyote kumchora Liyongo, wasikilizaji walikuwa wamekwisha kumwona. Jibu langu la kwanza kwa kijana lingekuwa hilo: naam, Liyongo nimemwona pia, na ni utendi ulionionyesha. Tumezoea kudhani kwamba katuni ndiyo iliyoleta picha katika hadithi. La hasha! Mighani ya pwani imesafiri kwa picha tangu zamani, ila picha hizo zilibebwa na maneno.

Chukua mfano ulio karibu zaidi na sisi. Mekatilili wa Menza ni mtu wa historia. Mwaka wa 1913 aliwahamasisha Wagiriama dhidi ya kodi na kazi ya kulazimishwa, na pamoja na Wanje wa Mwadorikola wakashiriki katika kulisha watu viapo kayani. Waingereza wakamhamishia Kisii, akatoroka akarudi kwao. Mwaka wa 1914 kaya ya Wagiriama ikalipuliwa kwa baruti. Hayo yamo katika kumbukumbu za serikali ya kikoloni. Lakini mwulize mtoto wa Malindi akuambie habari za Mekatilili. Hatakuanzia kwenye kodi. Atakuanzia kwenye kuku: jinsi mama yule alivyomletea ofisa wa Kizungu kuku na vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja, na kuku akamdonoa ofisa mkono. Kisa hicho ndicho kilichobaki kwa sababu kinaonekana. Kwa muda wa miaka mia moja na ushei, mtu wa kumbukumbu za serikali amekuwa mtu wa mighani, na kilichombeba ni kuku na mkono unaovuja damu.

Sasa tuje kwenye hadithi za picha zenyewe, ambazo historia yake katika Kiswahili ni ndefu kuliko tunavyowaambia wanafunzi. Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu katika miaka ya 1950, na wasomaji wa Taifa Leo walimfuata juha huyo kwa miongo mingi. Upande wa Tanzania jarida la Sani liliwapa wasomaji kina Ndumilakuwili, Madenge na Kipepe. Nakala chache za Sani zilivuka mpaka wa Lungalunga katika mabasi ya Tanga, na kakangu mkubwa alikuwa mmoja wa waliozisubiri kituoni Mombasa. Hata hivyo wahusika hao ni wa kuchekesha na kukosoa jamii. Sitakaa nao sana, kwani tunalotafuta hapa ni shujaa wa ajabu.

Shujaa huyo aliingia kwa kishindo kupitia Pichadithi. Mwanzilishi wake, Terry Hirst, alizaliwa Uingereza akaja Kenya mwaka wa 1965, na mwaka wa 1973 yeye na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe. Katika miaka ya 1980 akaanza mfululizo huo ambao jina lake limeunganisha picha na hadithi. Odoi naye alikuwa miongoni mwa wachoraji walioshirikiana naye. Matoleo yake yaliandikwa kwa Kiingereza, jambo ninalolisikitikia hadi leo, lakini mali yake ilikuwa fasihi simulizi ya jamii za Kenya: Lwanda Magere wa Waluo, Wanjiru aliyetolewa kafara, Abunuwasi wa pwani. Zingatia jambo hili, mtahiniwa. Lwanda Magere unayemkariri kama "jasiri, mwenye nguvu zisizo za kawaida, aliyesalitiwa" aliwahi kuuzwa katika vibanda vya magazeti kama kijitabu cha picha, na watoto wakabishana kwa nini kivuli chake na si kichwa chake.

Mwaka wa 1996 Lila Luce alianzisha Sasa Sema Publications jijini Nairobi, kampuni iliyoamua kuchapisha hadithi za picha kwa Kiswahili sanifu. Miongoni mwa vitabu vyake vya kwanza ni Abunuwasi cha Gado, ambaye jina lake kamili ni Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam. Nilikisoma nikiwa Kidato cha Kwanza katika shule ambayo sitaitaja. Maktaba ilikuwa na nakala moja iliyopoteza jalada. Mkutubi alikiweka katika rafu ya "vitabu vya kuburudisha", mbali na fasihi, pamoja na majarida ya magari. Kila aliyekiazima alikirudisha kwa kunong'ona, kana kwamba amekunywa pombe.

Ajabu ni kwamba Abunuwasi ana ukoo mkubwa kuliko karibu kila mhusika tunayemtahini. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi mashuhuri wa Baghdad katika enzi ya Harun al-Rashid, akafariki mwanzoni mwa karne ya 9. Jina lake lilisafiri kwa midomo hadi pwani yetu, na huku likavuliwa ushairi likavikwa ujanja. Tukamfanya yule mwerevu aliyemwaminisha jirani kwamba sufuria imezaa, kisha akamwambia imekufa. Hizo ndizo hekaya tunazozifundisha. Kutoka Baghdad hadi pwani yetu, kutoka barazani hadi kitabu cha shule, kutoka kitabu cha shule hadi kalamu ya Gado: msururu ni mmoja. Aliyeukata ni mkutubi mwenye rafu mbili.

Wala tusidhani kwamba ni sisi tu tuliogawa rafu namna hii. Marekani na Uingereza wahakiki walizidharau hadithi za picha kwa miongo. Kisha Art Spiegelman akapewa Tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1992 kwa Maus. Mwaka mmoja kabla yake, toleo moja la mfululizo wa The Sandman ulioandikwa na Neil Gaiman, toleo lililomleta Shakespeare uso kwa uso na viumbe wa ghaibu wa tamthilia yake mwenyewe, lilishinda tuzo ya kimataifa ya fasihi ya ajabu katika kitengo cha hadithi fupi. Mfululizo huo ulitoka kwa matoleo 75 kati ya 1989 na 1996, na wasomaji wake waliandika barua, wakabishana, wakaenda kuisoma tamthilia ya Shakespeare ili waelewe toleo. Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kijana anatoka kwenye katuni anaingia kwenye tamthilia, na hakuna mwalimu aliyemsukuma. Nani kati yetu asiyetaka hilo?

Nasi tulikuwa na daraja kama hilo mikononi katika miaka ya 2000. Tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyochapishwa mwaka wa 2001 na baadaye kutahiniwa katika shule za upili, imechota kutoka mighani ya Liyongo. Mwelusi ni Liyongo aliyehamishiwa Butangi, Mtemi Bokono amechukua nafasi ya Sultani, na Gege ni yule mwana msaliti. Mwandishi aliondoa ajabu nyingi akaweka siasa. Wanafunzi wengi walikariri dhamira ya uongozi mbaya bila kujua kwamba nyuma ya Mwelusi kuna mtu aliyekufa amepiga goti na upinde mkononi. Kwa maoni yangu tuliwapunja. Aliyemjua Liyongo kwanza alielewa kwa nini kisima kimo katika anwani, na aliyemjua Liyongo kwa picha alielewa haraka zaidi.

Nirejee chini ya mkwaju. Ijumaa ya pili niliwapelekea wale sita utendi wa Liyongo, si muhtasari wa mwongozo. Niliwasomea kwa sauti mpaka pale mtoto anapouliza siri, nikafunga kitabu. Nikasema nitaendelea wiki ijayo. Walinitazama kama mtu aliyewanyang'anya sahani. Wiki nzima waliniwinda kwenye veranda ya ofisi ya walimu: Mwalimu, atamwambia? Mwalimu, kwa nini asimdanganye? Hadithi wanaijua, maana wameikariri tangu Kidato cha Pili! Lakini hawakuwa wameisubiri hata siku moja. Mfululizo humfundisha msomaji kusubiri, na katika kusubiri ndipo anapofikiri. Wasikilizaji wa zamani waliosubiri usiku wa pili ili waambiwe masalio ya ngano walikuwa, kwa maana hiyo, mashabiki wa mfululizo.

Mjadala uliofuata ndio bora zaidi niliowahi kuusikia shuleni. Kwa nini Liyongo anamwambia mwanawe ukweli? Mvulana mmoja alisema ni kiburi: mtu aliyezoea kutodhurika haamini kwamba atakufa. Msichana yule aliyesema habari za kuficha mwiko akakataa. Alisema baba akimdanganya mtoto wake, hata mtoto mbaya, atakuwa amekwisha kumpoteza. Liyongo alichagua kufa akiwa bado ni baba. Mwingine akauliza, je, angekuwa binti angemwua? Hilo lilituweka mpaka kengele ya chakula. Nakuomba, mwalimu, ulijaribu swali hilo darasani, kisha ulinganishe na mkewe Lwanda Magere.

Sitaki hata hivyo nikupotoshe, hasa wewe mtahiniwa. Makala haya hayasemi kwamba umwandike Akokhan kama shujaa wa mighani. Mighani ni mali ya jamii. Mhusika wake huaminiwa kuwa aliishi, ana nasaba, ana mahali, pengine ana kaburi kama lile la Kipini. Akokhan ni zao la ubunifu wa mtu mmoja ajulikanaye kwa jina, na hakuna jamii inayodai kuwa alizaliwa kwao. Kwa sifa alizonazo ni ndugu wa Liyongo. Kwa asili yake ni mhusika wa fasihi andishi iliyochorwa. Ukiulizwa mfano wa mighani, mtaje Liyongo, Lwanda Magere au Mekatilili. Ukiulizwa jinsi fasihi simulizi inavyoendelezwa katika nyakati hizi, au jinsi inavyohifadhiwa, hapo una haki kamili ya kutaja Pichadithi na Abunuwasi cha Gado, tena ukieleza kinachopatikana na kinachopotea.

Na kweli kuna kinachopotea. Mtambaji akisema "akatokea jini", kila msikilizaji anatengeneza jini lake. Mchoraji akilichora, tunabaki na moja. Wale sita walilitambua hili bila msaada wangu. Walikuwa wameamua kuchora hadithi yao wenyewe kuhusu Marafa, kule kwenye mabonde mekundu ambayo wenyeji huyaita Nyari. Nawe bila shaka umesikia kisa cha matajiri waliooga maziwa, ardhi ikawadidimia kwa ghadhabu ya Mungu. Walichora ng'ombe, wakachora maziwa, wakachora matajiri wenye vitambi. Walipofika kwenye ile ghadhabu walikwama kwa majuma mawili. Ina uso? Ina mkono? Kura zikawa tatu kwa tatu. Mwishowe wakaacha kisanduku kitupu, cheupe, na katika kinachofuata shimo limekwisha kuchimbika. Mimi nisingefikiria hivyo.

Laiti walimu wa Kiswahili wa kaunti hii tungekusanya kazi kama hizo! Vifuko vya plastiki vya wajomba viko vingi. Hoteli nyingi zimefungwa tangu miaka ile na sijui karatasi ngapi zimechomwa pamoja na makuti. Ukipata toleo la Pichadithi sokoni, hata lisilo na jalada, linunue. Uliza kwanza kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu, maana wengine huzifungia njugu kurasa hizo.

Karatasi ya kijana yule nilimwomba anirudishie, nikaisoma upya. Safari hii nilisoma kilichoandikwa, si jina lililoandikwa. Sifa tano alikuwa amezitaja sawasawa, moja baada ya nyingine: nguvu zisizo za kawaida, kupigania wanyonge, siri ya nguvu, usaliti, kifo au kutoweka kwa ajabu. Mifano yake ndiyo iliyokuwa ya Akokhan. Nikafuta msalaba wangu, nikampa alama tano za sifa na kumnyima tano za mifano, nikatia sahihi.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma akiwa amesimama mbele yangu, akasema, "Ni sita, mwalimu." Akanionyesha hoja ya tatu. Kwa herufi ndogo, mwishoni mwa mstari, alikuwa ameongeza kwamba Liyongo naye alikuwa na siri ya sindano ya shaba.

Nilitia sita.